Ofisi Ikihama, Biashara Hufunga Virago

Mazingara ni kata ya wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua. Niliichagua iwe mwanzo wa safari kwa sababu huko michoro ya mipango miji bado haijampa mtu usingizi wala kumnyima. Kutoka hapo nilikusudia kwenda Mkata, nipande Handeni mjini, kisha niteremke Korogwe, huku nikitazama jambo moja ambalo wasafiri wengi hulipita bila kugeuza shingo: nani anaamua ofisi ikae wapi, na ikishakaa, maduka yanapata nini au yanapoteza nini.

Mjini tunalalamikia foleni, maji na umeme. Ni nadra kumsikia mtu akilalamikia ofisi. Ofisi ina heshima yake: inaleta watumishi wenye mishahara, inaleta nguzo za umeme, inaleta barabara. Ndiyo maana kila mji mdogo unaiomba kwa mikono miwili. Lakini ipo miji ambayo wananchi wake walipiga kura kuibana, na kabla sijamaliza safari nilianza kuelewa kilichowasumbua.

Kijijini, ofisi ni chumba chenye meza, bendera na muhuri. Asubuhi watu hukusanyika nje: huyu anataka barua ya utambulisho, yule ana kesi ya ng'ombe walioingia shambani, mwingine anafuatilia mchango wa shule. Bodaboda wamejipanga chini ya mti. Pembeni mama mmoja amewasha jiko, anauza chai, maandazi na mihogo. Nilimwamkia, nikamwuliza kwa nini ameweka jiko hapo na si kule kwenye maduka.

"Anayesubiri muhuri, mwanangu, hakai na njaa," alinijibu huku akinimiminia chai.

Mchumi angehitaji ukurasa mzima kusema hilo. Ofisi haiuzi kitu, ila inakusanya watu na kuwaweka wakisubiri, na watu wanaosubiri ndio wateja. Anayeamua ofisi isimame wapi ameshaamua pia mama lishe, mwenye kibanda cha kutoa nakala, wakala wa pesa na fundi viatu watasimama wapi.

Kijijini uamuzi huo bado uko mikononi mwa wanakijiji wenyewe, walau kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mambo makubwa yanapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kijiji kugawa eneo lake: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa huduma za jamii. Handeni ni wilaya ya wakulima na wafugaji, kwa hiyo kinachowapandisha watu jazba kwenye mikutano hiyo ni mpaka wa shamba na malisho. Duka na ofisi hutupwa pamoja kwenye fungu la makazi na huduma, na hakuna anayebishana. Ardhi ipo, wateja ni wachache, na ofisi yenyewe ni moja.

Mabishano huanza lami inapofika.

Mkata iko kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mahali magari yanapoachana: ya Tanga yanakata kulia, ya Korogwe, Moshi na Arusha yanashika kushoto. Malori hayalali hapa, na mabasi yanapita usiku na mchana. Mji wa namna hii huzaliwa na barabara na hukua kwa kuifuata. Maduka yanajipanga mstari mmoja kila upande. Nyuma yake nyumba, nyuma ya nyumba mashamba. Kila mwenye kiwanja kinachotazama lami anajenga fremu, hata kama hana duka la kuweka ndani yake, akijua mpangaji atakuja.

Mpango wa kwanza wa matumizi ya ardhi katika miji kama hii hauchorwi na afisa mipango miji. Unachorwa na barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati. Aliyejenga akiheshimu mstari wa zamani, kisha akajikuta ndani ya mstari mpya, huchorewa X ya kijani: alikuwa halali, na siku ardhi ikihitajika atalipwa. X nyekundu ni ya mvamizi, na huyo hubomolewa bila fidia. Hata mtoto wa darasa la pili kwenye miji ya barabarani anajua tofauti ya rangi hizo mbili. Mita 30 ni mpaka ambao kila mtu anauogopa. Kinachofanyika baada ya mita 30 ndicho kisichoulizwa sana.

Na hilo ndilo swali la Mkata leo, kwa kuwa mji huu una ofisi kubwa. Mwaka 2011 Handeni mjini ilipata halmashauri yake ya mji, na halmashauri ya wilaya ikabaki kuongoza vijiji na miji midogo inayouzunguka. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo zinayoyaongoza zihamie kwa wananchi wao. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Handeni sasa yako Mkata. Mkazi wa Mazingara aliyekuwa akipanda gari hadi Handeni mjini kufuatilia cheti au leseni, leo safari yake inaishia hapa. Kwake hiyo ni nauli iliyobaki mfukoni.

Kwa Mkata, halmashauri ni mgeni mwenye msafara. Watumishi wanahitaji nyumba za kupanga, na wanaokuja kuwaona wanahitaji chakula, nakala, picha za pasipoti na mahali pa kulala. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini nyuma ya mgeni huyu wanakuja wageni wengine wanaohitaji fremu: wapima ardhi, mawakili, wakala wa bima, vikundi vya mikopo, vyama vya akiba, ofisi za miradi. Hawauzi machungwa wala sabuni. Wanataka chumba chenye umeme, mlango wa kioo na kibao kinachoonekana kutoka barabarani.

Hapo hesabu inabadilika. Wenye fremu, kama ilivyo desturi nchini kote, wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Muuza nguo wa mitumba anaitafuta kodi hiyo kwa jasho, akiuza mali nusu bei. Ofisi inaandika hundi. Mwenye jengo hana kosa akimchagua mwenye hundi. Angekuwa mjinga kutomchagua. Ila mtaa ukibadilika fremu baada ya fremu, siku moja unaamka unakuta safu nzima ya mbele ni milango ya vioo inayofungwa saa tisa na nusu alasiri na kulala Jumamosi na Jumapili, na wauzaji wamesukumwa kwenye hifadhi ya barabara, ndani ya zile mita 30, ambako kila siku wanaweza kufukuzwa. Kisha tunawaita wavamizi.

Nilikaa kibarazani kwa kijana mmoja anayeuza vifaa vya pikipiki. Aliwahi kuwa na fremu ya mbele. Sasa yuko mstari wa nyuma. "Kaka, spea haina nyuma," aliniambia. "Mtu pikipiki imezimika barabarani, ataniona vipi huku? Mwenye ofisi anatafutwa hata akiwa uchochoroni. Mimi sitafutwi, naonekana."

Kauli yake inafafanua msingi wa kanuni zinazobana ofisi kwenye maeneo ya biashara duniani. Duka linaishi kwa kuonekana na wapita njia. Ofisi inaishi kwa miadi. Ukiviacha vishindanie mlango mmoja wa mbele kwa nguvu ya fedha, ofisi itashinda hata pale isipouhitaji mlango huo.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Huko San Francisco, mnamo Novemba 1986, wapiga kura walipitisha hoja iliyobana ukubwa wa ofisi mpya zinazoweza kuidhinishwa kila mwaka usizidi futi za mraba 950,000, yaani takriban mita za mraba 88,000 kwa mji mzima. Palo Alto, mji mdogo uliozungukwa na makampuni ya kompyuta, uliweka kikomo chake mwaka 2015: futi za mraba 50,000 kwa mwaka kwenye mitaa yake mikuu ya biashara. Sababu zilikuwa msongamano wa magari, kodi za nyumba kupanda, na maduka ya mtaani kugeuzwa ofisi. Sisemi Mkata iige Palo Alto. Palo Alto ilikuwa na ofisi kupita kiasi. Mkata ndiyo kwanza inazipata. Ninachosema ni kwamba swali ni lilelile, na sisi tuna bahati ya kuulizwa kabla zege halijakauka.

Jibu tunalo tayari katika sheria zetu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inasema eneo likishatangazwa kuwa eneo la mipango miji, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, na hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi bila kibali. Kunakuwa na mpango kabambe unaoonyesha mji utakuaje kwa miaka mingi ijayo, na chini yake michoro ya kina inayoonyesha kitalu hiki ni makazi, kile ni makazi na biashara, kile ni taasisi, pale ni uwanja wa wazi. Hati ya kiwanja hutaja kundi la matumizi. Ukitaka kubadili, unaomba mabadiliko ya matumizi, na tangazo linatolewa ili jirani mwenye hoja aitoe. Kwa karatasi, chombo cha kusema "safu hii ya mbele ni ya maduka" kipo na kinafanya kazi.

Tatizo ni mpangilio wa matukio. Katika miji mingi ya Tanzania nyumba hutangulia, mchoro hufuata, na mchoro huishia kuzibariki nyumba zilizokwisha simama. Ndiyo kazi ya urasimishaji: mpima anakuja na mashine yake, anachonga barabara katikati ya nyumba za watu, mwenye eneo anakatwa ukumbi au choo, na kila mmoja anashukuru kupata hati. Ni kazi njema, lakini mchoro wa namna hiyo hauwezi kuhamisha soko, na mara nyingi hauthubutu kutenganisha matumizi. Kila kitu kinaandikwa makazi na biashara, na ndani ya maneno hayo mawili ofisi, baa, kanisa na kiwanda cha matofali vinajipenyeza pamoja.

Kutoka Mkata hadi Handeni mjini ni kilomita 54 za lami. Zamani barabara hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Gari dogo aina ya Noah lilitubeba, tukiwa tumebanana na gunia la mahindi na kuku wawili waliofungwa miguu. Vijiji vinapita upesi, nyumba za tofali za kuchoma, mapagale yanayosubiri bati, na kila penye njia panda kuna mfululizo mfupi wa fremu mpya. Lami inazalisha fremu kama mvua inavyozalisha uyoga.

Handeni mjini ni somo la namna nyingine. Miji ya wilaya iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ina tabia moja: serikali ilijiweka bomani, mahali pa juu na penye nafasi, na biashara ikaachwa ijipange penyewe mbali kidogo. Dar es Salaam iligawanywa kwa ukatili zaidi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila kanda na masharti yake ya ujenzi, na mstari wa matumizi ya ardhi ukageuka mstari wa rangi ya ngozi. Hiyo ndiyo aibu ya asili ya mipango miji yetu, na mtu asishangae mzee akiogopa anaposikia serikali inataka "kutenga maeneo".

Hata hivyo, utengano wa boma na soko uliacha faida moja. Chanika, penye biashara ya Handeni, pamebaki mahali pa kuuza na kununua. Mwenye shida ya serikali anakwenda kwenye ofisi zake, akimaliza anashuka sokoni kununua mafuta ya taa na kanga. Watu wawili hao, mteja wa ofisi na mteja wa duka, ni mtu mmoja anayetembea, na katika kutembea kwake kila muuzaji anapata riziki.

Niliketi kwa mama lishe mmoja na kula ugali kwa mchicha na dagaa. Nilimwuliza kama alihisi halmashauri ya wilaya ilipoondoka. Alicheka. "Baba, wale wa vijijini walikuwa wanakuja na njaa ya njiani. Sasa njaa yao inaishia Mkata." Alisema bila uchungu; mkuu wa wilaya yupo, halmashauri ya mji ipo, wateja wapo. Lakini hakuhitaji kusoma waraka wowote kujua kwamba agizo la kuhamisha ofisi lilikuwa pia agizo la kuhamisha sehemu ya sahani zake.

Kutoka Handeni nilishika barabara ya Korogwe, kilomita 65. Unavuka mto Pangani, na Korogwe inakupokea kwa joto na harufu ya mkonge. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika hapa mwaka 1902, enzi ya Wajerumani, na mji ukaanza kuota kwenye stesheni. Kisha barabara kuu ikachukua usukani. Leo Korogwe ni mji mrefu mwembamba: Korogwe ya zamani huku, Manundu na soko lake kule, na katikati safu ndefu ya biashara inayolisha abiria wa Arusha, Moshi, Lushoto na Tanga.

Korogwe imeishi na ofisi muda mrefu kuliko Mkata, na hapa nilikuta dawa ambayo haikuandikwa na mtaalamu. Kwenye baadhi ya majengo ya ghorofa, chini kuna duka la vifaa vya ujenzi au famasi, juu kuna wakili, mhasibu au chama cha akiba na mikopo. Ngazi iko ubavuni. Mwenye duka anaonekana, mwenye ofisi anatafutwa, mwenye jengo anakula kodi mbili kwenye kiwanja kimoja. Lakini jirani yake lipo jengo la ghorofa lililokodishwa lote kwa ofisi, na mbele yake, juani, wamejipanga wauza matunda waliokosa pa kuingia.

Tofauti ya majengo hayo mawili ni kanuni ya mstari mmoja: ghorofa ya chini inayotazama barabara ya biashara iwe ya maduka na huduma za wapita njia, ofisi zipande juu au ziingie mtaa wa pili. Hakuna anayekatazwa ofisi, na hakuna fidia ya kulipa. Kinachohitajika ni halmashauri kuiandika kwenye mchoro wa kina na kwenye masharti ya kibali cha ujenzi kabla jengo halijasimama.

Tukichelewa, mifano ya wenzetu iko wazi. Oysterbay na Mikocheni za Dar es Salaam zilipangwa kuwa za makazi. Nyumba moja moja zikageuka ofisi, hadi magari ya wateja yakajaa mitaa iliyochorwa kwa familia. Upper Hill ya Nairobi ilikuwa makazi tulivu yenye bustani. Minara ya ofisi ikapanda upesi kuliko barabara na mabomba. Dodoma imejaribu njia ya kinyume, kutenga eneo zima la serikali: Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa mwaka 2019, na ofisi zimepata nafasi na utulivu. Ila ofisi tupu bila soko humlazimisha mtumishi na mgeni wake kupanda gari hata kwa sababu ya sahani ya wali. Kuchanganya ofisi na maduka ovyo ni kosa, kuvitenga mno ni kosa. Kazi ya mpango ni kuviweka umbali wa kutembea kwa mguu.

Handeni yenyewe inajua kwamba mpango unaweza kutangulia watu serikali ikitaka. Kijiji cha Msomera, ambako familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Juni 2022, kilipimwa, kikachorwa na kujengewa nyumba kabla wakazi hao hawajashuka kwenye magari. Uhamisho wenyewe ulizua ubishi mkubwa ndani na nje ya nchi, na ubishi huo una hoja zake. Kwa upande wa michoro, hata hivyo, hakuna tena wa kutuambia kwamba upimaji wa mapema hauwezekani wilayani hapa.

Hukumu yangu baada ya safari hii ni fupi. Mkata isizuie ofisi, bado inazihitaji. Lakini izipangie mtaa wake nyuma ya safu ya maduka, iache ghorofa ya chini ya barabarani kwa wauzaji, na itenge eneo la soko lenye hati kabla bei ya ardhi haijalifanya eneo hilo kuwa ndoto. Korogwe nayo iandike kwenye kanuni kile ambacho baadhi ya wenye majengo wake wamekwisha kukigundua kwa akili ya biashara.

Na wewe msomaji mwenye kiwanja kando ya barabara, uwe Mazingara, Mkata au popote: kabla hujachimba msingi, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, omba kuoneshwa mchoro wa eneo lako, uliza kundi la matumizi la kiwanja chako na cha jirani yako. Ukisikia kuna mkutano wa kujadili mpango wa mji, hudhuria na useme. Mchoro ukishasainiwa, kitakachokuwa kimebaki kwako ni kuomba mabadiliko, na maombi hayo yana gharama.